Laxton: mashamba makubwa bila uzio

Mwishoni mwa Novemba, wakulima wa kijiji cha Laxton, mkoa wa Nottinghamshire nchini Uingereza, hupanda tela la trekta na kwenda kukagua mipaka. Wamebeba nyundo na vigingi vya mti. Udongo wa huko ni mfinyanzi mwekundu, na ukilowa hunata kwenye buti hadi mguu unakuwa mzito. Wakifika mwisho wa ngwe wanatafuta alama ya zamani, wanalenga kwa macho mpaka ng'ambo, wanabishana kidogo, kisha kigingi kinapigwa. Mkulima ambaye plau yake imemega njia ya wote huandikwa jina. Wiki moja baadaye hutozwa faini katika baraza la kijiji.

Wanafunzi wa jiografia wakituuliza urithi wa kijiji ni nini, wengi hutarajia tutaje kanisa na ngome. Laxton inavyo vyote viwili. Kanisa la Mtakatifu Mikaeli lipo katikati ya kijiji, na upande wa kaskazini kuna kilima cha udongo kilichorundikwa na Wanormani, watawala wa zamani waliotoka Ufaransa, ili wajenge ngome juu yake. Lakini vitu hivyo utavikuta hata kwingine. Ambacho ni vigumu kukikuta kwingine ni kilimo chenyewe.

Katika zama za kati, vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima namna hii. Laxton ina mashamba makubwa matatu: West Field, Mill Field na South Field. Ndani yake hakuna uzio, ila ngwe. Ngwe za mtu mmoja hazikai pamoja, zimetawanyika huku na huko, ili kila mtu apate penye rutuba na pia aonje penye maji yanayotuama. Ni ndefu na nyembamba kwa sababu plau ilikokotwa na ng'ombe, na kuwageuza ng'ombe waliofungwa nira ni kazi. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu inahama. Juri, yaani wale wakulima wanaokagua mipaka, hukagua lile lililotoka kupandwa ngano.

Mpangilio huo unaonekana hata kwenye nyumba. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shamba la kipande kimoja, hakuna aliyehamia shambani. Nyumba za wakulima na maghala yao ya matofali mekundu zimejipanga kando ya barabara ya kijiji.

Mwaka 1635 mpimaji Mark Pierce aliichora Laxton ngwe kwa ngwe, na ramani yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Ukiitazama utaona watu wakilima, wengine wakivuna. Baadaye, hasa katika karne ya 18 na ya 19, Bunge lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia mashamba ua na kuyagawa kwa wenye hati. Ardhi ya malisho ya wote ikapotea karibu kila mahali. Laxton iliponea chupuchupu, na ngwe zake, ingawa ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi mwanzoni mwa karne ya 20, bado zinalimwa.

Serikali ilinunua ardhi hiyo mwaka 1952 ili mfumo usife. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ni nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni vigingi, yaani wakulima wenyewe kulinda mipaka kila mwaka.

Mabondeni, kati ya ngwe, kuna majani yanayoitwa sykes. Ni sehemu zenye unyevu au mteremko usiofaa plau, na kwa kuwa hazijalimwa kwa karne nyingi, zimejaa maua ya porini ambayo kwingine yamepotea. Haki ya kukata majani hayo hunadiwa kila mwaka.

Baraza lenyewe linalotoza faini, liitwalo Court Leet, halina jengo. Hukaa Dovecote Inn, baa ya kijiji.