Sanduku la Kufuli Tatu: Demokrasia Inavyogeuzwa Udikteta, na Kazi ya Raia

Kwenye vikundi vingi vya kuweka na kukopa (VICOBA) jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, fedha za wanachama hulala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Kila kufuli ina ufunguo wake, na funguo hizo hushikwa na watu watatu wasiolala nyumba moja. Sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hakuna aliyetukanwa kwa kuwekewa utaratibu huo. Umewekwa ili siku mmoja wao akiingiwa na tamaa, akwame.

Katiba ya kidemokrasia imejengwa kwa fikra hiyo hiyo. Bunge lina ufunguo, Mahakama ina wake, Serikali ina wake, na wenye fedha ni raia. Udikteta wa zamani ulivunja sanduku kwa nyundo: vifaru barabarani, redio ya taifa ikatekwa alfajiri. Wa siku hizi mara nyingi hauvunji kitu. Unaomba funguo, moja baada ya nyingine, kikaoni, na muhtasari unasainiwa. Ndiyo maana watu wengi hushtuka sanduku likiwa tupu tayari.

Jambo hili si geni. Adolf Hitler aliteuliwa Kansela wa Ujerumani tarehe 30 Januari 1933 kwa kufuata taratibu za katiba ya nchi hiyo. Tarehe 23 Machi, wiki zisizofika nane baadaye, Bunge lilipiga kura 444 dhidi ya 94 kuikabidhi serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Wabunge wa chama cha Kikomunisti walikuwa wamekwishazuiwa wasiingie. Bunge ndilo lililotoa ufunguo wake lenyewe.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni Hungaria. Mwaka 2010 chama cha Fidesz cha Viktor Orbán kilipata takribani 53% ya kura, na kwa mfumo wao wa uchaguzi kura hizo zikazaa theluthi mbili ya viti, kiwango kinachotosha kuandika Katiba upya bila kumwomba mpinzani hata mmoja. Katiba mpya ilianza kutumika Januari 2012. Miongoni mwa mabadiliko ya kipindi hicho kulikuwa na jambo lililoonekana la kiutumishi tu: umri wa majaji kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62. Hakuna jaji aliyekamatwa wala mahakama iliyofungwa. Majaji wazoefu walitakiwa tu kwenda kupumzika, na nafasi zao zikajazwa. Novemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hatua hiyo ilikuwa ubaguzi wa umri. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini ulifika wakati viti vingi vimekwishapata wakaliaji wapya.

Ukitaka kujua mahali pa kuangalia kwanza, angalia waamuzi. Venezuela mwaka 2004 iliongeza majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 20 hadi 32, na hapo wingi ukahama upande. El Salvador, siku ya kwanza kabisa ya Bunge jipya, tarehe 1 Mei 2021, wabunge waliwaondoa majaji wa kitengo cha katiba pamoja na Mwanasheria Mkuu. Miezi minne baadaye majaji wapya wakaamua kwamba Rais anaweza kugombea tena mfululizo, jambo ambalo wanasheria wa nchi hiyo kwa muda mrefu walilisoma kuwa limekatazwa. Rais Nayib Bukele akashinda tena Februari 2024, na Julai 2025 Bunge likafuta ukomo wa kugombea. Baada ya waamuzi kwa kawaida hufuata vyombo vya habari (leseni, faini, matangazo ya serikali kunyimwa gazeti fulani), kisha asasi za kiraia kupitia usajili na kodi, kisha kanuni za uchaguzi wenyewe. Mpangilio hutofautiana, ila ni nadra waamuzi kuachwa mwisho.

El Salvador ina somo gumu, na elimu ya uraia isilikwepe. Bukele anapendwa kweli. Mama aliyekuwa akiyalipa magenge ya wahalifu ili afungue kibanda chake cha mboga, leo anauza bila kutozwa, na shukrani yake ni halali. Tatizo liko kwingine: hali ya hatari iliyotangazwa Machi 2022 imekuwa ikiongezwa mwezi baada ya mwezi, na mwanawe akikamatwa kimakosa, hakuna jaji aliyebaki na nguvu za kuiuliza dola kwa nini. Watu hawatoi funguo kwa ujinga. Huzitoa kwa sababu wana shida ya kweli na mtu ameahidi kuimaliza. Anayetaka kutetea demokrasia bila kujibu habari ya usalama, bei ya unga na ajira atabaki akihutubia viti.

Na sisi? Tanzania iliingia mfumo wa chama kimoja kisheria mwaka 1965. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takribani 80% ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilishauri vyama vingi virudi, na tarehe 1 Julai 1992 vikarudi. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 kandamizi zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Sehemu hii husahaulika: tulibadilisha idadi ya vyama haraka kuliko tulivyogusa sheria zilizotungwa kwa ajili ya chama kimoja.

Mbili za karibu zifahamike kwa kila mpiga kura. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi huo. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile iliyoko Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mwezi mmoja kabla yake, Juni 2020, Bunge lilipitisha marekebisho yanayomtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aapie namna alivyoathirika yeye binafsi. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Marekebisho yale yameufanya mlango huo kuwa mwembamba.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Vyama viwili vikubwa vya upinzani havikuwa na mgombea urais kwenye karatasi ya kura. Intaneti ilikatwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, na watu walipoteza maisha. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukukidhi viwango vya Umoja huo, na Serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Familia zilizopoteza wapendwa wao zinastahili majibu yaliyoandikwa, yenye majina na tarehe.

Raia hufanya nini, basi? Kwingineko kilichofaa kilifanywa mapema, kwa kulenga kifungu mahususi. Korea Kusini, tarehe 3 Desemba 2024, karibu saa nne na nusu usiku, Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi. Katiba yao inasema wabunge walio wengi wakidai iondolewe, Rais lazima aiondoe. Raia walijua hivyo, wabunge walijua hivyo, na jeshi nalo lilijua, ndiyo maana wote walikimbilia jengo moja. Baadhi ya wabunge waliruka uzio. Wafanyakazi wa Bunge walirundika meza na viti milangoni kuwachelewesha wanajeshi. Ilipofika saa saba usiku wabunge 190 walipiga kura, wote kwa kauli moja, na kabla ya mapambazuko amri ikaondolewa. Tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ilimwondoa Yoon madarakani. Umati ule ungekusanyika uwanjani kuimba, bila kujua kura inapigwa wapi, usiku ungekwisha vingine.

Senegal walikuwa na siku, si saa. Februari 2024 Rais Macky Sall alisogeza mbele uchaguzi na Bunge likaupeleka Desemba. Tarehe 15 Februari Baraza la Katiba lilibatilisha hatua hiyo, na tarehe 24 Machi watu wakapiga kura. Zambia mwaka 2001 walikuwa na miezi: makanisa, chama cha wanasheria na asasi za wanawake waliungana kumzuia Frederick Chiluba asitafute muhula wa tatu. Watu walivaa utepe wa kijani na kupiga honi za magari siku za Ijumaa. Honi ni kitendo kidogo ambacho polisi hupata shida kukikamata, na kinampa mwoga nafasi ya kujua kwamba hayuko peke yake. Chiluba aliachia.

Kususia nako kuna bei yake. Mwaka 2005 upinzani wa Venezuela ulijitoa kwenye uchaguzi wa Bunge, na viti vyote 167 vikaenda kwa wanaomuunga mkono Hugo Chávez. Kususia bila mpango wa siku inayofuata ni kutoa ufunguo bure. Vurugu nazo hupunguza waungaji mkono. Uchambuzi wa harakati 323 za kati ya mwaka 1900 na 2006 ulionyesha zisizotumia silaha zilifaulu kwa 53%, zilizotumia silaha kwa 26%. Sababu inaeleweka: kwenye maandamano ya amani, mgomo au kukaa nyumbani, mzee na mama mwenye mtoto mgongoni wanaweza kushiriki, na askari hupata shida kumpiga anayefanana na mama yake.

Kabla ya kufika huko kuna kazi za kila siku zinazoweza kufanywa Tandale au Kigamboni. Ya kwanza ni kusoma miswada. Usisubiri muswada wenye jina la kutisha. Angalia zaidi ule unaoitwa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, kwa sababu hugusa sheria nyingi kwa mkupuo na kifungu kizito hujificha kati ya vyepesi. Angalia pia unaoletwa kwa hati ya dharura, maana hapo muda wa wadau kutoa maoni hubanwa. Maoni yapelekwe kwa kamati ya Bunge kwa maandishi, yataje namba ya kifungu, na yapendekeze maneno mbadala. Barua inayosema tu “tunapinga” haimsaidii hata mbunge anayekubaliana nanyi.

Ya pili ni kuomba taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi husika inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Maombi mengi hukwama kwa kuwa mapana mno. “Naomba taarifa zote za barabara” itazunguka mezani. Taja waraka, mwaka na mradi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri ule, siku 30 hazina mwanzo.

Ya tatu, na hapa ndipo ningeomba nguvu nyingi zaidi ziwekwe, ni fomu ya matokeo ya kituo. Kura huhesabiwa kituoni, namba huandikwa kwenye fomu, mawakala husaini na kupata nakala, na nakala nyingine hubandikwa nje. Kuna hesabu mbili ambazo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuzifanya: kura halali ukijumlisha na zilizoharibika zilingane na zilizopigwa, na zilizopigwa zisizidi walioandikishwa kituoni hapo. Kinachoharibika mara nyingi ni cha kawaida kabisa. Wakala hakupewa nauli wala chakula, akaondoka saa kumi na moja jioni kabla ya kuhesabu. Barua yake ya utambulisho ilikosewa jina la kituo, akazuiwa mlangoni. Amesaini fomu tupu “kuokoa muda”. Amepiga picha, lakini saini na muhuri havionekani. Na anayetegemea kutuma namba kwa WhatsApp peke yake hana la kufanya intaneti ikikatwa, kwa hiyo awepo mtu wa bodaboda na karatasi. Kutangaza mshindi ni kazi ya Tume. Kutunza namba zilizobandikwa ukutani ni kumbukumbu.

Malawi walionyesha karatasi hizo zinaweza kufanya nini. Uchaguzi wa Mei 2019 ulimpa ushindi Peter Mutharika kwa tofauti ya kura takribani 159,000. Walalamikaji walipeleka fomu mahakamani, na nyingi zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Mfanyabiashara mmoja alijaribu kuwahonga majaji, nao wakaripoti. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walifika mahakamani wakisindikizwa na jeshi, wakasoma hukumu kwa saa nyingi, na kuubatilisha uchaguzi. Kura zilirudiwa tarehe 23 Juni, na Lazarus Chakwera akashinda.

Septemba 2025 Wamalawi walipiga kura tena. Safari hii Mutharika alishinda, na Chakwera akampigia simu kumpongeza.