Ngozi yako inalijibu vipi jua la saa saba?

Ukitaka kujua aina ya ngozi yako mbele ya jua, usitazame uso. Uso umeshapigwa na jua miaka nenda rudi. Tazama upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kisha jiulize maswali mawili. Ukitoka kukaa ndani muda mrefu halafu ukapigwa na jua kali la mchana, kesho yake ngozi inauma na kubabuka? Na baada ya wiki, imekolea rangi au imerudi ilivyokuwa?

Ndivyo Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, alivyozipanga ngozi mwaka 1975. Alikuwa akitafuta kiwango salama cha mionzi ya UVA, miale ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi, kwa matibabu ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba. Madaraja yake huanza na ngozi inayoungua upesi kuliko zote, la 1, na ya kwanza yalikuwa manne, yote ya weupe. La 5 na la 6, ambamo wengi wetu tumo, yaliongezwa baadaye, na nadhani ndiyo sababu kipimo hiki kinatupwaya kidogo. Kinauliza habari za wekundu, na wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Wewe tafuta joto, kukaza, kuwashwa, maumivu shuka likigusa bega. Kuungua huku hufikia kilele saa 12 hadi 24 baada ya jua, kwa hiyo usijipime papo hapo.

Seli zinazotengeneza rangi, melanosaiti, idadi yake karibu ni ileile kwa mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni vifuko vya melanini, yaani hiyo rangi yenyewe. Vya mweusi ni vikubwa, vimetawanyika kimoja kimoja na hufika hadi tabaka za juu. Vya mweupe ni vidogo, vimerundikana na huvunjwa mapema. Kinga ya ngozi nyeusi peke yake imewahi kukadiriwa kuwa kama SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya kuungua na jua), ya nyeupe kama 3. Kumi na tatu si haba, lakini si bati.

Kwa mwenye rangi ya maji ya kunde, kero kubwa si kuungua, ni madoa. Chunusi, mkwaruzo, hata alama ya mbu huacha weusi, na jua huukoleza. Melasma, yale mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo yanayowapata hasa wajawazito na watumiaji wa baadhi ya vidonge vya uzazi, huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Mafuta ya kujikinga na jua yasiyo na rangi hayauzuii vya kutosha. Chagua yenye rangi ya ngozi, na kwenye orodha ya viambato utafute oksidi ya chuma. Kioo cha kawaida cha pembeni mwa gari nacho huzuia UVB, miale inayounguza zaidi, lakini hupitisha UVA nyingi. Dereva wa Dar au Nairobi aangalie shavu la kulia.

Mkorogo, yale mafuta ya kujichubua, huvuruga hesabu yote. Haidrokwinoni iliyomo huzuia melanini isitengenezwe, steroidi iliyomo huifanya ngozi iwe nyembamba, hivyo uso wa daraja la 5 unaanza kuungua kama wa daraja la chini yake. Haidrokwinoni ikitumika miaka mingi juani huweza kuleta weusi wa kibuluu ambao ni mgumu mno kuondoka. Kupaka kinga ya jua juu ya mkorogo ni kuchota maji kwa pakacha. Na ndimu usoni usithubutu: maji yake yakikutana na jua huleta malengelenge, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Dawa kama doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, nazo hufanya ngozi iungue upesi.

Mtu mwenye ualbino hana melanini ya kumkinga, au anayo kidogo sana. Kwake nguo zitangulie: mikono mirefu, kitambaa kisichopitisha mwanga ukikielekeza kwenye taa, kofia ya ukingo mpana pande zote (kapelo huacha masikio na shingo wazi). Mafuta yafuate. Kilisun, yanayotengenezwa Moshi, yaliundwa mahsusi kwa ajili yao. Gamba gumu linalokwaruza kama msasa, au kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne, kionwe hospitali.

Kosa linaloharibu mafuta ya jua kuliko yote ni uchache. Uso, masikio na shingo vinahitaji mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Mwili mzima wa mtu mzima ni kama mililita 30. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili, na tena ukitokwa na jasho jingi au ukitoka majini. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, 50 asilimia 98; nisingelipia zaidi kwa hiyo moja. Yenye zinki huacha weupe kama majivu, watu wakaogopa wakapaka nusu, basi kinga ikashuka. Kipimo cha bure ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali, hata kukiwa na mawingu mepesi.

Kuna saratani moja ya ngozi ambayo kwetu mafuta hayaigusi. Melanoma, saratani ya zile seli za rangi, kwa watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, pasipofikwa na jua. Mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha bila kugongwa, mwonyeshe daktari.