Kukata mti sio kuumaliza
Wengi wanadhani kujitolea kuondoa mizeituni ya Kirusi (miti vamizi ya kigeni inayosonga kingo za mito) kwenye korongo la mto Escalante, kule Utah, Marekani, ni kufyeka na msumeno halafu basi. Hapana jamani! Ukiukata ukauacha hivyo, kisiki kinachipua upya na machipukizi yanakuja mengi kuliko mwanzo, kwa hiyo kazi yenyewe iko pale kwenye kisiki, unakikata chini kabisa, unafuta vumbi la mbao, alafu unapaka dawa ya magugu fasta, hasa ule mduara mwembamba chini ya gome, kabla hapajakauka. Miiba yake inachoma kwelikweli, glavu ni lazima. Na lazima watu warudi tena baadaye, maana mbegu zinaletwa na ndege na maji.