Kugawa kwa uwiano: maana yake na hesabu yake

Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kuvunja vikoba huku Dodoma, yaani vikundi vya kuweka na kukopa vinagawana fedha zake. Mvua zinakaribia, watu wanataka mbegu za mtama na alizeti, na Januari ada na sare za shule zinasubiri. Basi sanduku lenye kufuli tatu linaletwa, wenye funguo watatu wanasogea, fedha zinamwagwa mkekani zinahesabiwa mbele ya wote. Ugomvi ukitokea siku hiyo, mara nyingi si kwamba kuna mtu ameiba. Wanaogombana wana picha mbili tofauti vichwani za kugawana.

Picha ya kwanza ni sawa kwa sawa: unachukua jumla, unagawa kwa idadi ya watu, basi. Upatu wa mtaani unakwenda hivyo, kwa sababu kila mtu anatoa kiasi kilekile na kupokea kilekile kwa zamu. Picha ya pili ni kugawa kwa uwiano, yaani kila mtu apate kulingana na alichoweka. Aliyeweka mara tatu ya mwenzake atoke na mara tatu ya mwenzake. Vikoba vimejengwa juu ya hii ya pili. Mwanachama hununua hisa, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5 kila mkutano. Mfumo wa vikundi hivi una chimbuko lake katika vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na ulipofika Tanzania ulienea sana. Siku hizi vikundi vya namna hii vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, katika daraja la nne.

Tuchukue kikundi cha mfano, wakulima wa zabibu 20 wa upande wa Hombolo. Hisa moja ni shilingi 2,000. Mwisho wa mzunguko mihuri kwenye vitabu vyote, mmoja kwa kila hisa, inafika 3,150, kwa hiyo wanachama wameweka 6,300,000. Riba za mikopo zimeongeza 1,260,000, jumla 7,560,000. Ukigawa kwa 3,150 unapata 2,400 kwa kila hisa. Mama mwenye hisa 180 anaondoka na 432,000, na kijana mwenye hisa 60 anaondoka na 144,000. Faida ya mama ni 72,000 na ya kijana ni 24,000, lakini kila shilingi ya kila mmoja imezaa sawa, asilimia 20.

Hapo ndipo mtu huinuka na kusema: akiba kila mtu achukue yake, ila faida tugawane sawa. Kila mmoja angepata 63,000 juu ya alichoweka. Kijana angefurahi, mama angeambulia 9,000 pungufu. Mwingine atadai kwamba yeye ndiye aliyekopa kuliko wote, riba yake ndiyo iliyozaa faida, kwa nini asipewe zaidi? Hoja hii ina uzito kuliko inavyopewa vikaoni. Hata hivyo naona jibu lake lipo: mkopaji ameshazitumia fedha hizo kwenye shamba au genge lake, na riba ni bei ya kuzitumia. Aliyeacha fedha zake sandukuni zikopwe na wengine ndiye aliyebeba hatari ya kutorudishiwa. Kikundi kinaweza kuamua vinginevyo, hakuna dhambi, lakini kiandike kwenye katiba yake mzunguko unapoanza. Kuamua wakati noti ziko mkekani ni kuchelewa.

Kosa linalouma zaidi liko kwenye madeni. Tuseme yule mama mwenye hisa 180 bado anadaiwa 100,000, kwa hiyo sandukuni zimo 7,460,000 tu. Makatibu wengi hugawa zilizomo: 7,460,000 kwa 3,150, wanapata 2,368 na kichele, kisha wanamkata mama deni lake. Wamekosea mara mbili. Wenzake wamepunjwa shilingi 32 kwa kila hisa, na ile 100,000 iliyokatwa inabaki inaelea haina mwenyewe (au inapata mwenyewe ambaye hamkumchagua). Deni ni mali ya kikundi. Lirudishwe kwanza kwenye jumla, hisa ibaki 2,400, halafu mama apewe 432,000 kutoa 100,000, yaani 332,000. Jumlisha malipo yote hapo: sanduku linaisha kabisa.

Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, usiingizwe humu. Kila mtu aliuchangia sawa, kwa hiyo hauna hisa.

Uwiano unapata taabu pale kinachogawiwa hakikatiki. Kwenye fedha unashusha jibu, masalio yanaanzia mzunguko mpya. Viti vya Bunge huwezi kuvikata. Viti maalumu vya wanawake, vya Bunge letu hapa Dodoma, hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura halali. Sasa fikiria viti 10 tu na vyama vitatu vyenye asilimia 46, 33 na 21. Hesabu inatoa viti 4.6, 3.3 na 2.1. Ukitoa vizima vinakuwa 4, 3 na 2, kimoja kinabaki. Njia mojawapo inayotumika duniani ni kumpa mwenye salio kubwa, hapa yule wa 0.6. Ziko nyingine, na zinaweza kutoa majibu tofauti kwa kura zilezile.

Hasara nayo hugawiwa kwa uwiano. Sanduku la wale wakulima wa zabibu lingekutwa na 5,670,000 tu, hisa ingeshuka hadi 1,800: mama angepoteza 36,000, kijana 12,000. Anayedai faida igawanywe sawa aulizwe kama yuko tayari na hasara ije sawa.

Mafundi wa zamani wa hesabu hii ni wanavyuoni wa mirathi ya Kiislamu. Mtu akifa akiacha mke, mabinti wawili, baba na mama, mafungu yao ni 1/8, 2/3, 1/6 na 1/6. Ukiyaweka juu ya 24 yanakuwa 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mafungu yamezidi mali. Kwa Sunni dawa yake inaitwa awli: mali inakatwa vipande 27 badala ya 24, na kila mmoja anabaki na vipande vyake vilevile. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imegeuka moja ya tisa. Ndiyo, 3 kati ya 27, na kila mrithi mwingine amepungukiwa kwa kiwango hichohicho.