Vyakula laini baada ya upasuaji wa kinywa: uji mtupu hautoshi

Mgonjwa akishatolewa gego la mwisho la chini, lile lililolala ndani ya taya mpaka tukachana fizi na kupunguza mfupa kidogo, huondoka na shashi mdomoni, dawa zake, na agizo moja la chakula: kula vyakula laini. Agizo ni sahihi, ila ni fupi mno. Akirudi kuangaliwa nyuzi namuuliza amekuwa akila nini, na wengi hunijibu vilevile: chai ya rangi, uji, soda, juisi ya boksi. Amelegea, kidonda kinasuasua, na anaamini dawa ndizo zinazomchosha. Mara nyingi si dawa, ni njaa.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, si mpishi. Lakini kazi yangu inakamilishwa na mtu aliyeshika mwiko nyumbani kwa mgonjwa, kwa hiyo leo naandika zaidi kwa ajili yake.

Saa za mwanzo zina masharti yake. Ganzi ya taya la chini hukaa saa 3 hadi 5, na mpaka iishe usile chochote cha kutafuna. Utajing'ata shavu au ulimi bila kuhisi, na kesho utakuwa na vidonda viwili badala ya kimoja. Shashi uliyopewa iume kwa dakika 30 hadi 45. Hapo damu huganda ndani ya shimo, na bonge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu wakati nyama mpya inaanza kuota. Likitoka mapema mfupa hubaki wazi, na kama siku ya tatu hivi huanza maumivu ya kupanda hadi sikioni ambayo panadoli haiyatulizi. Ndiyo maana tunakataza mrija, sigara, na kutema mate kwa nguvu. Kufyonza kunaweza kuling'oa bonge. Dafu ni kinywaji kizuri sana siku hiyo, lakini limiminwe kwenye glasi.

Siku ya kwanza chakula kiwe cha baridi au vuguvugu: mtindi (Wakenya, mala yenu inafaa kabisa), parachichi lililopondwa, papai bivu, ndizi mbivu, aiskrimu isiyo na karanga, uji uliopoa. Supu inayotoa moshi ingoje kesho, maana joto hupanua mishipa ya damu na kidonda huanza kuvuja upya.

Kuna vyakula ambavyo watu hubishana nami kwamba ni laini, na wali ndio wa kwanza. Ni kweli wali hauhitaji meno mengi, lakini punje yake ni saizi ileile ya kuingia shimoni na kukaa humo. Ukipikwa ukalainika na kupondwa mpaka punje zipotee, hauna tatizo. Mbegu za pasheni, mbegu za nyanya, ufuta na maganda ya maharage yana kosa hilohilo. Bisi na kashata sidhani kama nahitaji kueleza. Ndugu zangu wa Unguja huniuliza kuhusu urojo, nami hulazimika kuwavunja moyo: una ukali wa embe bichi na ndimu, una pilipili, na juu yake mnamwaga chipsi za muhogo zinazokatika kama vigae. Subirini.

Sasa tuje kwenye lishe yenyewe. Kikombe cha uji mtupu wa sembe, ule mwepesi wa kunyweka, kina unga wa gramu 25 hivi. Hizo ni kalori zisizofika 100 na protini gramu 2. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji protini kama gramu 48 kwa siku akiwa mzima, na baada ya upasuaji tungependa apate 70 na zaidi, kwa sababu protini ndiyo inayotumika kuunda nyama mpya ya kidonda. Akinywa vikombe sita vya uji ule, tumbo limejaa maji na amepata gramu 12. Sukari inayoongezwa humo humpa nguvu ya muda mfupi na kuyaacha meno yaliyobaki katika hatari.

Uji wenyewe siukatai. Naukataa ukiwa peke yake. Upike kwa maziwa badala ya maji, kwani glasi moja ya maziwa ina protini gramu 8. Piga yai, limimine kwenye uji unaochemka huku ukikoroga haraka. Litaiva bila kuonekana na limeongeza gramu 6. Yai bichi lisitumike. Siagi ya karanga, ile iliyosagwa laini kabisa, inaingia vizuri. Halafu kuna dagaa. Wakavu, waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa tena, wakasagwa na kuchekechwa: zaidi ya nusu ya uzito wa unga huo ni protini, na bei yake haimshindi mtu kama nyama inavyomshinda. Kwenye uji wa sukari harufu yake haivumiliki, nakubali. Utie kwenye uji wa chumvi, supu ya viazi au mlenda.

Mlenda nao umesahaulika mno. Ugali laini na mlenda ni chakula ambacho mtu mwenye taya lililokaza anaweza kukimeza karibu bila kutafuna. Kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuungwa kwa karanga au nazi kinafaa pia. Kwa nyama, nitautetea mtori popote. Wachaga humpikia mama aliyejifungua, na sababu zinazoufanya umfae mzazi zinamfaa na mgonjwa wangu: ndizi za kuupa mwili nguvu, nyama, supu ya mifupa, vyote katika bakuli moja. Nina sharti moja tu. Nyama isiwe ya vipande wala ya kuchambuliwa nyuzinyuzi, kwa sababu nyuzi hizo hujisokota kwenye mishono. Tumia nyama ya kusaga, au isage baada ya kuiva, ndipo uipondeponde pamoja na ndizi.

Watu wa Pwani mna bokoboko, ngano na nyama vilivyopikwa kwa saa nyingi na kupigwa mpaka vikavutika. Sijui chakula cha sherehe kinachomfaa zaidi mtu aliyeshonwa mdomo. Punguzeni samli ya juu kama tumbo limechafuka kwa dawa, na msilete kikiwa cha moto. Tena ukitazama meza ya futari ya Pwani utakuta nusu yake ni lishe ya mgonjwa wa meno: magimbi ya nazi, viazi vitamu, ndizi mbivu za nazi, tambi za maziwa. Anayeuliza kama afanyiwe upasuaji ndani ya Ramadhani namwambia kwamba kama jino halina usaha wala uvimbe, tunaweza kusubiri mwezi uishe. Likiwa na usaha halisubiri, na suala la kufunga au kutofunga atalizungumza na sheikh wake akijua kwamba kuna dawa za mchana.

Siku ya pili na ya tatu uvimbe hufika kileleni na mdomo hufunguka kwa shida. Msiogope, ila badilisheni kijiko: kijiko cha chai kinaingia pale kikubwa kinapogoma. Mpeni kidogokidogo kila baada ya saa mbili au tatu, badala ya sahani tatu kubwa anazoziangalia tu.

Wapo ambao hawapitii siku chache hivi. Ninawazungumzia waliovunjika taya. Katika wodi zetu wengi wao ni vijana, na wengi wametokana na ajali za bodaboda. Tukiwaunganisha kwa bamba la titani hufungua mdomo mapema, ingawa hubaki kwenye chakula laini kwa wiki kadhaa. Tukiwafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, watakaa hivyo wiki 4 hadi 6, na kila watakachokula kitapita pembeni, kati ya shavu na meno, hadi kwenye mwanya ulio nyuma ya gego la mwisho. Kijana wa miaka 22 aliyezoea ugali wa kujaza sahani anaambiwa aishi kwa vitu vya kunywa. Wengine hupungua kilo mpaka mama zao wanawalilia.

Kwao shida ni hesabu. Chakula kikiwa kizito hakipiti, kikiongezwa maji kinapita lakini hakina kitu. Hapo ndipo ninapoleta kimea. Wataalamu wa lishe Tanzania walikisisitiza miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto wadogo, na kwa taya lililofungwa kinafanya kazi ileile. Loweka ulezi usiku kucha, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu uchipue, uanike ukauke kabisa, pukusa machipukizi, saga. Pika uji mzito, wenye unga mara mbili ya kawaida, karibu usimame na mwiko. Uepue, acha moto upungue kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge. Kimeng'enya kilichomo hukatakata wanga, na ndani ya dakika chache uji uliokuwa mzito unatiririka. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo, kwa kuwa kimea chenyewe kilikuwa kibichi. Usikitie wakati uji unatokota, maana joto kali huua kimeng'enya hicho kabla hakijafanya lolote. Wapika togwa wanalijua hili kuliko madaktari.

Vingine vyote visagwe kwenye blenda kwa supu au maziwa, si kwa maji, kisha vipitishwe kwenye chujio. Ongeza kijiko cha mafuta au tui zito la nazi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 na hakiongezi ujazo wowote wa maana. Mgonjwa ale mara sita hadi nane kwa siku, kwa kikombe au kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Mrija hapa unaweza kuruhusiwa kama hakuna jino lililong'olewa, muulize aliyekufunga. Apimwe uzito kila wiki. Vijana huniuliza kama wanaweza kusaga chipsi mayai. Sina kipingamizi. Kuna wanga, kuna mafuta, kuna mayai. Ladha ni shauri lao.

Jambo la usalama kwa aliyefungwa waya: awe na koleo ya kukatia waya karibu saa zote, na mtu wa nyumbani aonyeshwe waya za kukata kabla hawajaondoka hospitali. Akitapika ainame mbele, kichwa chini, matapishi ya majimaji yatoke kwa pembeni. Akishindwa kupumua, waya zikatwe hapohapo, kisha aletwe. Pombe asiiguse kabisa katika kipindi hicho.

Nimegusa pombe, basi nimalize na dawa. Ukipewa metronidazo, ambayo wengi wanaiita flajili, usinywe pombe ya aina yoyote mpaka siku 3 zipite baada ya dozi kwisha. Mbege nayo ni pombe. Ibuprofeni na diklofenaki zitanguliwe na chakula, hata kama ni kikombe cha mtindi, la sivyo tumbo litawaka moto. Amoksilini haina ugomvi na maziwa, lakini doksisaiklini inao, kwa hiyo itenganishe na maziwa kwa saa mbili. Mwenye kisukari asimeze dawa zake kama kawaida halafu akashindwa kula: sukari itashuka. Apige simu kwanza. Na uji wake usiwe na sukari.

Chakula laini hunata. Meno mengine yapigwe mswaki siku hiyohiyo, kwa mkono mwepesi, bila kugusa kidonda. Baada ya saa 24 anza kusukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, kila baada ya kula. Usisukutue kwa fujo. Inamisha kichwa huku na huku, kisha acha maji yaanguke yenyewe. Maumivu yakiongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, au ukiona usaha, homa, au damu isiyokoma ingawa umeuma shashi, rudi hospitali usingoje tarehe ya kadi.

Aliyetolewa gego, kama mambo yanakwenda vizuri, baada ya wiki hivi anaweza kurudia ugali, samaki asiye na miba na chapati iliyolowekwa kwenye mchuzi, akitafunia upande wa pili. Aliyefunguliwa waya atashangaa kwamba mdomo haufunguki. Misuli imelala kwa wiki nyingi. Aanze na mayai ya kuvuruga na viazi, afanye mazoezi ya kufungua mdomo kama alivyoonyeshwa, na nyama choma aiweke mbali mpaka tumpige picha tena na kumruhusu.