Familia za Madaktari Wamisionari Milimani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Habari za familia ya daktari mmisionari aliyeko milimani husimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaoiona kuwa familia ya watakatifu wasiochoka, na kuna wanaoiona kuwa ya wageni waliokwenda kununua roho za maskini kwa vidonge. Simulizi zote mbili zinaumiza watu halisi, hasa mke na watoto, ambao aghalabu hukosekana hata kwenye picha. Dhana zifuatazo nimezisikia mara nyingi mno, na sidhani ni haki kuziacha zipite.

Dhana: Aliyeitwa ni daktari, mke amemfuata mumewe tu

Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mwangalie Evelyn Brand. Yeye na mumewe Jesse walihudumu katika milima ya Kolli, kusini mwa India, ambako watu wa tambarare waliogopa kupanda kwa sababu ya malaria. Jesse hakuwa daktari kamili. Alikuwa na mafunzo mafupi ya magonjwa ya nchi za joto. Wote wawili walitibu homa, wakang'oa meno, wakapambana na mnyoo wa Guinea unaoenea kwa maji ya kunywa. Mwaka 1929 Jesse alifariki kwa malaria iliyomzidi. Wengi wangedhani mjane atafunga virago na habari iishie hapo. Evelyn aliendelea na huduma nchini India, na umri wa kustaafu ulipofika, shirika la misheni lilipokataa kumwongezea muda, alirudi milimani kwa hiari yake, akawa anazunguka vijijini juu ya farasi mdogo. Alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 95. Miaka aliyohudumu akiwa mjane ni mingi kuliko ile aliyohudumu akiwa na mume.

Wakati mwingine daktari ni mke mwenyewe. Bethel Fleming alikuwa tabibu, na mumewe Robert alikuwa mwalimu aliyebobea katika elimu ya ndege wa porini. Nepal ilikuwa imejifungia wageni kwa muda mrefu. Mwaka 1949 Robert alipata ruhusa ya kuingia kwenye milima yake kuchunguza ndege, na katika safari za aina hiyo madaktari walioandamana naye, baadaye Bethel akiwa mmoja wao, walitibu wagonjwa waliokutana nao. Kutokana na safari hizo serikali ilikubali hospitali, na mwaka 1954 likaundwa shirika la misheni la United Mission to Nepal. Ukimwita Bethel mke wa mmisionari, umefuta nusu ya historia hiyo.

Dhana: Watoto wa wamisionari hawaathiriki, Mungu huwatunza

Paul, mwana wa Evelyn na Jesse, aliachwa Uingereza mwaka 1923 akiwa na miaka 9 ili asome. Hakumwona baba yake tena. Habari ya kifo ilifika kwa telegramu, na barua ambazo baba alikuwa amekwisha kuziandika zikaendelea kufika kwa meli baadaye. Paul alikua akawa daktari bingwa wa upasuaji, akarudi India, na huko Vellore alisaidia kuonyesha kwamba mgonjwa wa ukoma hupoteza vidole kwa kuwa hasikii maumivu, hivyo hujiumiza bila kujua. Wapo wanaomtaja kama ushahidi kwamba mambo huishia vizuri. Mimi siukubali ushahidi huo. Mafanikio ya mtu mzima hayafuti alichokosa mtoto wa miaka 9, wala hayasemi lolote kuhusu watoto wengine ambao majina yao hatuyajui.

Kwa vizazi kadhaa shule ya bweni ilikuwa karibu njia pekee. Shule ya Woodstock, kwenye milima ya kaskazini mwa India, ilianza mwaka 1854, na Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, mwaka 1906. Wengi waliosoma katika shule za namna hii wanazikumbuka kwa upendo. Wengine waliumizwa: shule ya misheni ya Mamou, Guinea, ilichunguzwa na tume huru katika miaka ya 1990 baada ya waliosoma hapo kueleza walivyoteswa wakiwa wadogo. Kwa muda mrefu hawakusema, kwa sababu waliaminishwa kwamba kulalamika kungeharibu kazi ya Mungu waliyokuwa nayo wazazi wao.

Siku hizi familia nyingi hufundisha watoto nyumbani, au huhamia mjini mtoto anapofika sekondari. Huko si kushindwa. Elimu ya watoto ni mojawapo ya sababu kubwa zinazowafanya wamisionari waondoke, na kanisa linalowatuma lingepaswa kulizungumza jambo hilo kabla hawajafunga mizigo. Halafu kuna kurudi: mtoto anaambiwa anakwenda "kwao", nchi ambayo ameifahamu kwa likizo tu, huku marafiki zake wote wamebaki mlimani.

Dhana: Milimani kuna hewa safi, magonjwa ni machache

Hewa ni safi nje, lakini ndani ya nyumba zisizo na dirisha, moto wa kuni ukiwaka siku nzima dhidi ya baridi, mapafu ya watoto na ya mama zao hayasalimiki. Nimonia huua. Mvua na barafu za kale zimeosha madini joto kwenye udongo wa milima mingi, ndiyo maana goita, uvimbe wa shingoni, imekuwa tatizo la kale kuanzia Himalaya hadi Andes. Upungufu huo kwa mama mjamzito unaweza kumfanya mtoto azaliwe na ubongo usiokua sawasawa. Kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, jaribio lililoanza mwaka 1966 la kuwadunga watu mafuta yenye madini joto lilionyesha kwamba ulemavu huo unaweza kuzuiwa ikiwa mama atapata kinga kabla ya kushika mimba.

Urefu wenyewe hubadilisha kazi. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 70 ya ile ya pwani, na maji huchemka yapata nyuzi 90. Mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke lazima iongezewe shinikizo, la sivyo vifaa vitatoka na vijidudu. Kipimo cha oksijeni kwenye kidole kitasoma chini hata kwa mtu mwenye afya njema, na daktari mgeni asiyelijua hilo atashtuka bure, au mbaya zaidi, atazoea na kumpita mgonjwa wa kweli. Familia yenyewe hupaswa kupanda taratibu, maana maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi na hayabagui aliyeitwa na Mungu.

Dhana: Ndege ya misheni italeta kila kitu

Rubani hutegemea wingu. Viwanja vingi vya milimani ni vifupi na vimeinama, na alasiri mabonde hufunikwa. Mama aliyekwama katika uchungu saa tisa mchana atabebwa kwa machela, au atapasuliwa hapo hapo na aliyepo.

Dhana: Matibabu ni chambo cha kubadili watu dini

Zipo misheni ambazo zamani ziliwahubiria wagonjwa kwanza wakiwa kwenye foleni, na sioni sababu ya kulificha. Lakini Nepal, tangu 1954, ruhusa ya kufanya kazi iliambatana na sharti la kutogeuza watu dini, na madaktari Wakristo walikubali kutibu chini ya sharti hilo. Anayemwekea mgonjwa masharti ya sala kabla ya dawa amekosea tiba na amekosea Injili.

Dhana: Aliyetumwa na Mungu hadhuriki

Agosti 2010, watu 10 wa timu ya tiba ya International Assistance Mission, shirika la Kikristo, waliuawa kaskazini mwa Afghanistan wakirudi kutoka mabonde ya Nuristan, ambako walikuwa wamevuka milima kwa miguu kwenda kutibu macho na magonjwa mengine. Wawili kati yao walikuwa Waafghanistan. Kiongozi wao, Tom Little, alikuwa ameishi nchini humo zaidi ya miaka 30, na yeye na mkewe Libby walilea binti zao Kabul. Anayewaambia wajane na mayatima kwamba imani ingewakinga wapendwa wao anawaongezea msiba juu ya msiba.

Dhana: Likizo ya nyumbani ni mapumziko

Familia nyingi huishi kwa michango, kwa hiyo likizo huwa ziara ya kanisa hadi kanisa: baba anatoa taarifa, watoto wanasimamishwa mbele waimbe kwa lugha ya mlimani, mama analala kila wiki kwenye kitanda cha mtu mwingine. Wakati huo huo hospitali haijafungwa. Wauguzi, wakunga na matabibu wenyeji wanaendelea kupokea wagonjwa usiku na mchana, kama walivyokuwa wakifanya daktari alipokuwepo, na taarifa inayosomwa makanisani ni nadra kuwataja kwa majina.