Je, wajua namba ya tarakimu 39 ilithibitishwaje kuwa tasa kabla ya kompyuta?

170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukizidisha pamoja 2 zipatazo 127 kamili (2 × 2 × 2 na kuendelea), kisha ukatoa 1, ndiyo unayoipata. Mfaransa Édouard Lucas alitangaza utasa wake mwaka 1876, na kwa miaka 75 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Kwa muda mrefu niliamini njia ni moja tu, ile ya darasani: jaribu kugawanya kwa 2, 3, 5, 7, uendelee hadi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kwa 127 ukifika 11 umemaliza. Nikadhani namba kubwa inadai subira zaidi, basi. Lakini hebu tupige hesabu. Kipeuo cha pili cha namba ya Lucas kina tarakimu 20. Mashine inayogawanya mara bilioni moja kila sekunde, ikijaribu namba moja baada ya nyingine, ingehitaji zaidi ya miaka 400. Iruke namba shufwa zote, bado ni miaka 200 na ushei. Lucas hakuwa na mashine ya namna hiyo, na hakuhitaji kugawanya hivyo.

Siri iko kwenye kuzunguka. Saa kumi, ongeza saa tano: unapata saa tatu, si saa kumi na tano, kwa sababu mshale umeshapita kumi na mbili ukaanza upya. Sasa fikiria saa yenye namba 127, ambako kufika 127 ni kurudi sifuri. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194, ambayo kwenye saa yetu ni 67. Kisha 42, kisha 111, kisha sifuri kamili! 127 ni 2 zipatazo 7 toa 1, na hatua zinazotakiwa ni 7 toa 2, yaani 5. Ukitua kwenye sifuri, namba ni tasa. Kwa 2,047, yaani 2 zipatazo 11 toa 1, hatua ya 9 inatua 1,736. Kweli si tasa, ni 23 × 89.

Kanuni hii ni ya namba za ukoo huu tu. Lucas alifungua njia, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akaikamilisha mwaka 1930. Kwa namba ya tarakimu 39, hatua ni 125.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kipimo kinakwambia namba si tasa bila kukuonyesha kigawo hata kimoja. Ni kama yai viza linaloelea kwenye bakuli la maji: umelijua bila kulivunja. Ila yai huweza kukudanganya, kipimo hiki hakikosei. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliorodhesha 2 zipatazo 67 toa 1 kuwa tasa. Lucas akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, lakini vigawo hakuvijua. Vilisubiri hadi 1903, mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole alipoviweka hadharani New York: 193,707,721 × 761,838,257,287.